Ndoo ya Manjano

Usiishike bado. Kaa hapo kwenye jiwe, Mafuru,
nipakie huku unaangalia,
maana giza likikukuta mbele ya Bezi
mkono ndio utakaotafuta, si jicho.

Ndoo hii ilikuwa ya mafuta ya kupikia.
Nimeisugua kwa majivu mara tatu, bado inanuka maandazi.
Nimeipendea mfuniko: uukandamize hivi
mpaka useme *ta*.
Usiposema, hujafunga.

Chini kabisa, suruali kuukuu ya baba.
Cheka tu. Plagi ikilowa utaikaushia nini, shati lako la harusi?
Plagi mbili hizi, nimezivika gazeti,
na spana yake nimeifunga humo humo.
Plagi bila spana ni jino mkononi.

Kamba ya stata. Ile iliyopo imeanza kutoa nyuzi,
naisikia ikilalama kila alfajiri hapa Igombe.
Impela. Ukiona injini haikojoi, izime.
Usiseme nitafika tu. Izime.
Waya, koleo, bisibisi isiyo na mpini,
mpira wa baiskeli wa kufungia chochote kinachotaka kwenda zake,
pamba ya kuziba mshono,
na kipande cha sabuni ya mche, si cha kuogea:
tangi likivuja, sugua ufa mpaka ufumbe mdomo.

Sasa lete kiganja.
Hii ni pini. Shilingi mia tano kwa fundi Ng'hwani.
Kazi yake ni kukatika.
Rafadha ikigonga mwamba, pini inakatika, gia zinapona,
unatia nyingine, unaondoka.
Shemeji Buyegi aliishiwa pini akatia msumari wa inchi nne.
Msumari haukukatika. Alijisifu nao mwezi mzima.
Siku ulipokuja mwamba, msumari ukabaki mzima
na kila kilicho nyuma yake kikawa unga.
Siku mbili magugu maji yalimtembeza
kama mgeni asiyejua nyumba anayokwenda.
Alirudi na midomo ya magamba,
na mpaka leo akiona msumari ukutani
anatazama pembeni.

Ajali haina kinga, wanasema pale mwaloni
huku wakipakia saruji mpaka maji yachungulie ndani.
Mimi nimekutilia pini sita.
Tano kwenye ndoo. Moja mfuko wa shati. Funga kifungo.

Haya, vya nje ya ndoo.
Upo wa kukumbia maji, nimeufunga kwa kamba kwenye taruma,
kwa sababu upo ukielea mbali nawe
huo si upo tena.
Kasia mbili. Usiniambie una injini.
Nanga, na kamba yake yote, si nusu.
Filimbi shingoni, siyo kwenye begi.
Tochi: betri moja nimeigeuza kichwa chini
isije ikajiwasha na kujimaliza safarini.
Utaigeuza mwenyewe. Fanya sasa, nione.
Fumba macho.
Tena.

Simu ndani ya nailoni, nailoni ndani ya nailoni.

Jaketi. Hesabu.
Moja hili la chungwa, moja lenye zipu mbovu, la tatu, la nne.
Na abiria? Mwalimu Nyamizi, mtoto wake,
yule wa mikate, mama wa zahanati. Nne. Sawa.
Na wewe?

Unaogelea. Najua unaogelea.
Nimekufundisha mimi, kwenye maji ya kiuno,
mchana, ukipiga kelele.

Hilo la tano ulimwazima nani?
Basi panda mlima ukalichukue.
Mwalimu atasubiri, mikate itapoa,
na ziwa halijawahi kumpigia mtu simu kwamba amechelewa.
Usininunie. Nenda.

Mimi nimekaa juu ya ndoo.